Kuacha Gari Nyumbani: Kwenda Kazini na Mkoani kwa Basi kutoka Dar es Salaam

Gari langu lilipokaa gereji wiki tatu likisubiri kifaa, ndipo nilipogundua kwamba nimesahau kupanda basi. Nimekulia Dar es Salaam na nimesoma kwa daladala, lakini miaka tisa ya usukani ilikuwa imenifutia kila kitu. Sikujua magari ya Posta yanajaa saa ngapi, sikuwa na chenji, na nilisimama kituoni nikisubiri basi lenye nafasi wakati wenzangu wote walijua kwamba saa ile halipo. Siku ya kwanza nilifika kazini saa nzima baada ya wenzangu. Wiki ya tatu nikawa nafika mapema kuliko nilipokuwa naendesha, na foleni ilikuwa ile ile na mabasi yale yale. Nilichokuwa nimeongeza ni kuijua njia.

Kwa hiyo nayaandika haya kwa mwenye gari anayetaka kuliacha nyumbani, iwe kwa sababu ya mafuta, uchovu wa foleni au gereji kama ilivyokuwa kwangu. Mifano yangu mingi ni ya Barabara ya Morogoro, maana nakaa Kimara Temboni na nafanya kazi Posta. Wa Mbagala, Gongo la Mboto na Bunju wabadilishe majina ya vituo; utaratibu ni huo huo.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya gari lako bila kulionea haya

Temboni hadi Posta ni karibu kilomita 20, yaani 40 kwenda na kurudi. Gari dogo kwenye foleni ya asubuhi na jioni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, linaweza kunywa lita 5 kwa safari hiyo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi chukua bei ya mwezi huu uzidishe mwenyewe. Tukisema lita ni shilingi 3,000 kwa urahisi wa hesabu, ni shilingi 15,000 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni 330,000. Hapo hujalipa maegesho ya mjini, hujabadilisha oili, hujaosha gari na hujanunua tairi.

Upande wa basi, andika nauli za kwenda na kurudi, ongeza bodaboda au bajaji ya kutoka nyumbani hadi barabarani, kisha ongeza siku mbili tatu kwa mwezi ambazo utashindwa na kuita teksi. Siku hizo usizifiche, maana zitakuja: mvua, mtoto kuugua, kikao kilichovuta hadi usiku. Hata ukizihesabu, utaona tofauti kubwa. Bima utaendelea kulipa gari likiwa limepaki, kwa hiyo usitegemee kuokoa kila senti ya gari. Na usikimbilie kuliuza. Jipe miezi mitatu kwanza.

Hatua ya 2: Ijifunze njia siku isiyo ya kazi

Kosa langu lilikuwa kujifunza Jumatatu asubuhi. Toka Jumamosi, bila haraka na bila begi la kazini, uende hadi mlangoni pa ofisi na kurudi. Njiani andika kwenye simu unapopandia, unapobadilishia na unaposhukia, pamoja na njia moja mbadala ya siku njia kuu ikiharibika.

Daladala imeandikwa usoni inapotoka na inapokwenda, na mstari wa rangi ubavuni unaitambulisha ruti yake. Lakini maandishi hayasemi yote. Kutoka Mbezi, kwa mfano, unaweza kufika Mwenge kwa kupita Goba au kwa kushuka hadi Ubungo, na hizo ni safari mbili tofauti kabisa. Usimuulize konda "Unaenda Mwenge?" peke yake. Muulize "Unapita wapi?" Na majina ya vituo yajifunze kama watu wanavyoyasema, maana konda hataji jina la mtaa lililo kwenye ramani ya simu yako.

Kwetu sisi wa Barabara ya Morogoro kuna mwendokasi, yaani usafiri wa mabasi yaendayo haraka. Ulianza Mei 2016 na awamu hiyo ya kwanza ina takriban kilomita 21: njia kuu ni Kimara hadi Kivukoni, tawi moja linakatia Magomeni kwenda Morocco, jingine linakatia Faya kwenda Gerezani, Kariakoo. Basi la mwendokasi lina barabara yake peke yake, na hiyo ndiyo faida yake yote. Ukiwa ndani, foleni ya Manzese unaiangalia dirishani. Soma kibao cha mbele kabla ya kuingia, kwa sababu la express linaruka vituo vidogo, na kama unashukia kimojawapo utapitilizwa.

Njia mbadala ni ya lazima kwa sababu ya Jangwani. Masika yanapokolea, Mto Msimbazi hufurika pale bondeni na usafiri wa barabara ile hukatika. Mvua ikinyesha usiku kucha, mimi sisubiri tangazo. Nashukia Magomeni, nakwenda Morocco, na kutoka pale natafuta daladala ya Posta inayopita Salenda. Ni mzunguko, lakini nimeufanya mara nyingi kiasi kwamba haunitishi tena.

Hatua ya 3: Jifunze kugeuza

Hili ndilo ninalotamani ningeambiwa siku ya kwanza. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa nagombania daladala pale Temboni pamoja na watu kama thelathini, na kila inayosimama tayari watu wananing'inia mlangoni. Mama anayeuza vitumbua kituoni alikuwa ananiona kila asubuhi. Siku ya tatu akaniita huku anageuza vitumbua vyake kwenye chuma. "Mwanangu, hayo unayogombania yamejaa toka Mbezi. Vuka barabara, panda linalopanda juu, ugeuze nalo."

Kugeuza ni kupanda gari linalokwenda kinyume na unakokwenda, hadi mwisho wa ruti, kisha unabaki umekaa kwenye siti yako linapogeuka. Unamwambia konda mapema kabisa, "Nageuza," naye anakukata nauli ya huko na ya kurudi. Kwa mimi wa Temboni ni kupanda hadi Mbezi Mwisho na kushuka nalo. Unaongeza dakika ishirini hivi na nauli kidogo, unapata kukaa. Nilisoma kitabu kizima mwezi ule kwenye siti ya kugeuza, jambo ambalo usukani haukunipa kwa miaka tisa.

Tahadhari moja: kugeuza kunakulazimu kuvuka barabara, na Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kibaha sasa ni pana mno. Vuka kwenye kivuko, hata kama gari unalolitaka linaondoka. Litakuja jingine.

Kama hutaki kugeuza, hama saa. Pale kwetu, anayetoka saa 11:30 alfajiri na anayetoka saa 12:30 wanaishi miji miwili tofauti. Jioni mjini, kati ya saa 11 na saa 1 usiku ndipo penye nyomi. Toka kabla, au maliza kazi zako taratibu utoke baada. Na usipandie katikati. Mimi ofisi yangu iko karibu na Posta ya Zamani, lakini natembea hadi Kivukoni, linakoanzia basi. Ni dakika kumi za upepo wa bahari, na mara nyingi zinatosha kunipatia siti.

Hatua ya 4: Vya mfukoni na mkononi

Chenji. Badilisha noti ya elfu kumi jana yake, unaponunua mkate. Konda mwenye sarafu zinazolia mkononi saa 12 asubuhi hana muda na noti yako kubwa, na atakwambia "utapata mbele." Dai chenji yako kabla hujafika kituo chako, si wakati mguu mmoja uko chini.

Simu iingie mfukoni gari linapopunguza mwendo kituoni au kwenye mataa, hasa ukiwa dirishani. Vibaka hunyakua kwa kupitia dirisha na kuyeyuka. Begi lihamie kifuani ukisimama. Kompyuta mpakato ivae mfuko wa nailoni ndani ya begi, maana mvua ya Dar haipigi hodi. Mimi nina viatu vya njiani na viatu vya ofisini, hivi vya pili vinalala chini ya meza yangu.

Ukikaribia, sema "Shusha!" kituo chako kinapoonekana, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Sauti ndogo ndiyo inayowapitiliza wageni.

Kuna jambo moja linaloniuma, nalo ni kukatisha ruti. Gari limeandikwa linafika mwisho fulani, konda anawashusha watu katikati kwa sababu kuna foleni mbele au abiria wamepungua, na mama mwenye mtoto mgongoni analipa nauli mara mbili. Leseni ya daladala ni ya ruti nzima. Ikikutokea, usishuke kimya. Dai nauli yako, piga picha namba ya gari, toa taarifa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Abiria wakikataa wote kwa pamoja, mara nyingi gari linaendelea. Wewe mwenye gari nyumbani una nafasi ya kulisema hilo kuliko anayeogopa kuchelewa kibaruani, basi liseme.

Hatua ya 5: Safari ya mkoa huanza kwenye tiketi

Wengi wetu tunaendesha kwenda kwetu mkoani kwa mazoea tu. Dar hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 550, na kuziendesha peke yako ukafika usiku umechoka ni hatari ambayo hatuisemi vya kutosha. Kwa Morogoro na Dodoma siku hizi wengi wanachukua treni ya SGR iliyoanza 2024, nami nawaunga mkono. Kwa Moshi, Arusha, Tanga, Mbeya na Iringa, basi bado ndilo lenyewe.

Mabasi ya mikoani yanatoka Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis, kilichozinduliwa Februari 2021 baada ya kuhama Ubungo. Baadhi ya makampuni yana ofisi Shekilango na hupakia huko kwanza. Uliza siku ya kukata tiketi: "Napandia wapi?" Jibu lao liandike.

Tiketi ikate ofisini kwa kampuni au kwa simu kupitia mfumo wao, siku mbili tatu kabla. Usikubali kushikwa mkono na wapiga debe getini. Nilifanya hivyo mara moja, nikiwa nimechelewa. Nililipia basi la siti mbili kwa mbili, nikapandishwa kwenye la tatu kwa mbili ambalo halikuondoka hadi saa 4 asubuhi, na aliyechukua pesa yangu sikumwona tena. Tiketi halali ni ya kielektroniki na ina jina lako, namba ya siti, tarehe, saa na nauli. Kagua kila kimoja ukiwa bado dirishani kwa karani.

Saa ikague mara mbili. Tiketi huandika 06:00 na sisi tunasema saa 12 asubuhi. Sasa mtu anaona 11:00 anaamka alfajiri, kumbe ni saa 5 asubuhi. Hasara yake ni usingizi tu. Mwenye matatizo ni wa usiku. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri saa 24, na tiketi ya 00:30 ya tarehe 15 maana yake ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Ukienda kituoni tarehe 15 usiku baada ya kula chakula, basi lako liliondoka usiku uliopita. Muulize karani kwa maneno: "Ni usiku wa kuamkia lini?"

Wa Kilimanjaro hawahitaji kuambiwa kuhusu Desemba, lakini waliooa au kuolewa huko wanahitaji. Kuanzia katikati ya mwezi hadi Krismasi siti za Moshi na Arusha zinakwisha, na hata magari ya ziada hupewa vibali vya muda. Kata tiketi yako mwezi Novemba, ya kwenda na ya kurudi Januari.

Hatua ya 6: Chagua siti kwa akili

Karani atakuonyesha mchoro wa siti. Epuka iliyo juu ya tairi la nyuma na ile ya mwisho kabisa, hasa kama mgongo unakusumbua. Kisha fikiria jua. Kwa basi la Moshi la saa 12 asubuhi, kuanzia Chalinze barabara inaelekea kaskazini hadi Segera, kwa hiyo jua la asubuhi linawapiga wa kulia. Korogwe linakuwa utosini. Mchana kupita Same linahamia kushoto.

Mimi nachukua kulia dirishani na kuvumilia jua la asubuhi kwa pazia, kwa sababu ya kile kinachofuata. Baada ya Korogwe, juu ya mashamba ya mkonge, milima ya Usambara inasimama upande huo hadi baada ya Mombo. Halafu inakuja ya Upare, karibu kabisa na barabara, miamba yake imepasuka na nyumba za mabati zinang'aa huko juu unakojiuliza watu wanapandaje. Ukishapita Himo, kama mawingu yamefunguka, Kilimanjaro uko kulia kwako. Nimeendesha barabara ile mara nyingi na sikuwahi kuiona milima hiyo, kwa sababu macho yalikuwa kwenye malori.

Hatua ya 7: Mzigo, chakula na kuchimba dawa

Begi la kwenye buti liandike jina na namba ya simu kwa kalamu nene juu ya utepe wa gundi, na udai namba ya mzigo. Unapolikabidhi, mwambie tandiboi unaposhukia. Akijua ni Mombo au Himo, atalipanga mdomoni mwa buti. Asipojua litalala chini ya magunia ya Arusha na wote mtasimama juani mkilitafuta. Dawa, vyeti, chaja na pesa vikae kwenye begi dogo la miguuni.

Kula kidogo kabla ya safari. Basi litasimama mahali pa chakula, kwa barabara ya Moshi aghalabu pande za Korogwe au Mombo, na muda ni mfupi kuliko unavyodhani. Nenda msalani kwanza, chakula baadaye. Chipsi zinaweza kufungwa zikaliwa ndani. Kabla ya kushuka tazama namba ya basi lako, maana uani yatakuwepo matano yanayofanana rangi. Na ukibanwa kabla ya hapo, usione aibu kumwendea mhudumu ukamwambia unataka kuchimba dawa. Kila dereva anaielewa lugha hiyo, na kuna wengine kumi kwenye siti zao wanakuombea uwe wa kwanza kusema.

Funga mkanda. Basi halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na safari ndefu inatakiwa kuwa na madereva wawili wanaopokezana. Ukiona linakimbia, kwanza mwambie mhudumu kwa adabu. Likiendelea, ndani kwa kawaida kuna bandiko lenye namba za kupiga, zipige. Abiria wa mbele anayenyamaza kwa kuona haya anawanyamazia wote.

Hatua ya 8: Shuka panapokufaa

Hapa mtu aliyezoea kuendesha hupoteza saa mbili bila sababu, kwa kuwa anafikiri lazima afike stendi ya mji mkubwa. Kama unakwenda Marangu au Rombo, shuka Himo. Haisi za huko ziko pale pale njia panda na huna haja ya kwenda Moshi mjini halafu urudi nyuma. Wa Lushoto ashuke Mombo. Mwambie kondakta asubuhi unapopanda, umkumbushe mkipita kituo cha kabla, na uanze kusogea mlangoni na begi lako dogo.

Piga simu nyumbani ukiwa Mwanga, si ukiwa umeshafika. Ndipo watakapomtuma kijana aje kukupokea mzigo barabarani, na chai itakuwa jikoni.